Mashati Yasiyo na Wenyewe

2 Februari

Mwanangu Rula,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshikilia karatasi isipeperuke. Huku kwa kijana wangu, wifi yako amefungua madirisha yote kana kwamba tunaanika nguo sebuleni. Tu wazima. Kaka yako amepata zamu ya asubuhi kazini, watoto wanakohoa lakini wanakula, kwa hiyo siwahesabu kuwa wagonjwa. Mguu unasafishwa na muuguzi mwenye mikono ya baridi, na daktari anasema kidonda cha mtu wa sukari kinataka subira. Nimemwambia subira ninayo, nisichokuwa nacho hapa ni kazi.

Sasa nisikilize. Nimekuachia chumba changu cha dobi kwa sababu huogopi maji, una nguvu, na tangu mtoto ulikuwa ukipanga viatu vya wageni mlangoni mpaka marehemu baba yako akakubandika hilo jina la Rula. Hapo ndipo nilipokuamini, na hapo hapo ndipo roho yangu ilipo juu juu. Nakukumbusha tena nilivyokuonyesha. Nguo ya Jumatatu inatoka Jumatano, na kila rafu ina siku yake. Kila mteja ana uzi wake wa rangi ndani ya kola, na uzi huo ndio unaosema nguo ni ya nani, sina rekodi nyingine. Nguo ikiwa safi, kavu na imenyooka, inatoka. Usiirudie. Mama Pacha ni mwepesi wa pasi na mzito wa maneno, mwache alivyo. Mashati ya wahudumu wa hoteli ndiyo yanayotulipia pango, hayo yasicheleweshwe, iwe kufa au kupona.

Narudi mguu ukipona. Na uniandikie barua, usinipigie simu. Kwenye simu unanijibu "naam, shangazi, naam, shangazi" mpaka salio linakwisha. Barua naweza kuisoma mara ya pili nikakukamata.

Shangazi yako

20 Februari

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, wewe pamoja na kaka, wifi na watoto. Huku nyumbani sote hatujambo.

Kazi inaendelea vizuri. Wateja wameridhika. Nimezipaka rafu rangi nyeupe, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imebabuka, na vibanio vya kuanikia nguo sasa ni vya aina moja. Mashine ya kufulia haina hitilafu. Mvua haijatusumbua. Mama Pacha anakusalimu sana na kukutakia uponyaji wa haraka.

Hakuna tatizo lolote la kukueleza.

Mtoto wako mtiifu,
Rula

5 Machi

Rula,

Marahaba. Salamu zako zimefika. Nimezigeuza juu chini, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga, sikuona hata alama ya kidole.

Huku hatujambo. Mjukuu mdogo amejifunza kufunga vifungo, sasa anafunga kila kitu, hata pazia. Wifi yako ananipikia bila chumvi na kunitazama nikila, kana kwamba nitakimbia na sahani. Basi, hizo ndizo habari. Turudi kwako.

Barua nzima haina neno hata moja lililokatwa. Mtu anayeandika huku beseni linamngoja hukosea, hudondosha tone la maji, huanza jambo akaliacha njiani. Wewe uliandika rasimu, ukaketi, ukanakili. Nataka kujua kwenye rasimu kulikuwa na nini. Halafu unaniambia mvua haijawasumbua. Redio ya hapa nyumbani imesema huko imenyesha karibu mwezi mzima, na sijawahi kuona dobi akakaa mwezi mzima wa mvua bila kulalamika. Ama nguo zinakauka kwa miujiza, ama hakuna nguo kambani.

Na huyu Mama Pacha anayenitakia uponyaji wa haraka ni yupi? Wangu mimi angenitumia neno kali la kuniuliza kwa nini nimemwachia mtoto wa kaka yangu amsimamie. Mtu hawezi kubadilika hivyo kwa wiki mbili tatu. Ama humo dukani hayumo tena, ama unamsemea.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kama mashine umeiuza, sema. Kama umeingiza mwanamume humo ndani na sasa anakaa kwenye kiti changu, sema pia, nitamtukana taratibu.

Shangazi

11 Aprili

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Huku hatujambo. Natumaini watoto wameacha kukohoa.

Mashine sijaiuza. Mwanamume hayupo, na kiti chako kiko pale pale. Mama Pacha ni kweli ameondoka. Aliondoka kwa hiari yake. Nilimwomba ayarudie mashati machache ambayo mstari wa mkono haukunyooka, akayarudia, nikamwomba tena, akachomoa pasi ukutani na kuniambia nimtafute mwenye mikono ya malaika. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeniona mimi ndiye mwenye makosa. Mimi nataka kazi yako iwe nzuri, Shangazi. Nataka mtu akivaa shati lililotoka kwetu, watu wamuulize limetoka wapi.

Lakini na mimi nina swali. Umeniandikia habari za vifungo, pazia na chumvi. Mguu hujautaja. Mwezi Februari uliutaja, Machi umeuruka. Tena naona unajua mambo ambayo sikukwambia, au unajitia kuyajua. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara siku hizi ameligeuza benchi lake, amekaa akiutazama mlango wetu, anapigilia kisigino kimoja asubuhi mpaka jioni. Ni wewe uliyemweka?

Mtoto wako,
Rula

19 Aprili

Rula,

Marahaba. Wote hapa wazima, tusipoteze wino.

Ndiyo, nimempigia fundi viatu. Nimemwambia atazame. Mlango ni wangu, nina haki ya kujua kama unafunguka. Na aliyoniambia yamenikosesha usingizi.

Anasema mlango unafunguliwa nusu asubuhi na kufungwa kabla jua halijakolea. Anasema pazia haliondoki dirishani. Anasema alimwona mhudumu mmoja wa hoteli, yule mrefu mwenye pengo, akibisha, akiita, akibisha tena, mwisho akaenda kazini kavaa sweta na jua linawaka. Tena anasema mchana kutwa harufu ya nguo inayopigwa pasi inatoka chini ya mlango. Hapo ndipo nilipokaa kitako. Ungekuwa umelala ningesema mvivu. Ungekuwa umeondoka ningesema mhuni. Lakini umo ndani, na pasi ina moto. Unampigia nani pasi, kama wenye nguo hawazipati?

Nimefikiria kila kitu. Nimefikiria unachukua kazi za watu wengine kwa siri na za kwetu unaziweka kiporo. Nimefikiria umezikodisha zile nguo. Usicheke, kuna dobi mmoja zamani alikodisha suti za watu harusini. Kaka yako ana mipango yake juu ya chumba hicho na mimi ndiye ninayemzuia. Ukiendelea kuninyamazia sitakuwa na la kumzuilia.

Mguu ule haunisumbui tena, kwa hiyo usiutumie kunipiga chenga.

Shangazi

6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Jana alikuja mtu na futi. Hakubisha hodi vizuri, alisukuma mlango akaanza kupima dirisha, kisha ukuta, kisha akaniomba nisogee apime niliposimama. Nilimuuliza wewe nani. Akasema yeye ni kinyozi, ameambiwa na kijana wa mwenye chumba aje aone kama vioo vitaenea. Anakuja na viti vinavyozunguka. Rafu zangu akazitazama, akasema hizo zitang'olewa.

Kumbe. Kumbe ulipoandika kwamba kaka ana mipango, mipango ilikuwa imeshavaa viatu. Unaniuliza ninaficha nini, na wewe unanizunguka na wanao! Unarudi au hurudi? Kama unarudi, kinyozi wa nini? Kama umenichoka, ungesema nikafunga vitu vyangu.

Sasa nitakwambia, maana sina cha kupoteza. Nimeandika rasimu nyingi za jambo hili na zote nimezichana.

Ni zile nyuzi zako. Nisamehe, zilikuwa zinanikera. Unafungua kola safi kabisa, ndani unakuta uzi mwekundu umevuka wa kijani, fundo limeachwa, jingine la bluu linaning'inia. Nikasema hapana. Nikamwagiza mshonaji anitengenezee vitambaa vidogo vyeupe, kila kimoja na jina la mteja kwa herufi nadhifu. Halafu nikaona haitapendeza shati moja liwe na uzi na jingine liwe na kitambaa, bora yote yaanze pamoja. Basi Jumapili moja nikakaa na sindano, nikazifumua zote. Nguo zote zilizokuwa dukani. Nikajisikia vizuri sana siku hiyo.

Vitambaa vikaja, herufi zimelala upande. Nikavirudisha. Vikaja tena, majina mengine makubwa, mengine madogo. Nikavirudisha. Mara ya tatu mshonaji akaniambia niandike kwa kucha zangu mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nakumbuka la nani ni lipi, au nilidhani nakumbuka, kwa vifungo na viraka. Lakini vifungo vile havikufanana, Shangazi, kwa hiyo nilikuwa nimevikata na kuweka vya aina moja. Kola zilizochakaa nimezigeuza. Mifuko iliyolegea nimeishona.

Sasa ninayo rafu nzima ya mashati meupe, safi, yamenyooka kuliko yalivyotoka kiwandani, na sijui hata moja ni la nani. Siwezi kumpa mtu shati la mwenzake. Nikiwazia tu anafika nyumbani, anavua, anasema huyu dobi ni wa ovyo, nalirudisha rafuni. Mtu akibisha nasimama nyuma ya mlango na kuzuia pumzi. Akiondoka nayashusha, nayapiga pasi upya, yasipate mikunjo ya kukaa.

Basi umejua. Mlete kinyozi wako.

Rula

12 Juni

Mwanangu,

Barua yako imefika imelowa kona moja, na nimeipenda kuliko zote.

Nimecheka mpaka wifi yako akaja mbio akidhani ninalia. Kisha nikalia kweli, akaenda zake amechanganyikiwa. Nilijiandaa kwa wizi, Rula. Wizi ningeujulia dawa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulifilisi duka kwa kulifanya safi mno!

Sasa sikiliza, na usinakili popote, fanya tu. Fungua mlango wote. Toa pazia. Kamba ya nje ifunge kutoka nguzo mpaka nguzo, tundika mashati yote, na uwatumie neno wahudumu waje siku ambayo wengi hawako zamu. Kila mtu ajaribu. Mnene hatavaa la mwembamba. Yatakayobaki kwenye ubishi, wagawane. Ndiyo, wako watakaoondoka na la mwenzao. Watalivaa, watafanya kazi, na jioni litachafuka kama mashati yote ya duniani.

Nyuzi zangu hazikuwa nzuri, najua. Sikuziweka ziwe nzuri. Mara nyingi niliweka uzi uliokuwa tayari kwenye sindano siku hiyo, nikaendelea na kazi. Kazi yake ilikuwa kumrudishia mtu nguo yake, na nguo ilirudi. Wewe una mpango mzuri kichwani kunishinda mimi, rafu zako nina hakika zinapendeza. Lakini rafu isiyotoa kitu ni ukuta tu, nami ukuta ninao huku, nautazama kila siku.

Nenda kwa Mama Pacha. Usimtolee hotuba. Mwambie pasi imepoa na huiwezi mwenyewe.

Kuhusu kinyozi, hilo ni jambo la kaka yako, tutaliongea. Nimemwambia asubiri kwanza. Huku wote wazima.

Shangazi

2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wifi amekuongezea chumvi kidogo.

Nilifungua mlango. Kwanza nilizunguka nyumba mara kadhaa, nikasafisha vioo ambavyo vilikuwa safi, kisha nikafungua. Fundi viatu alisimama na nyundo mkononi, hakupiga kitu mpaka mchana.

Walikuja wamekunja nyuso, na sikuwalaumu. Msimamizi wao alikuja mbele, akanusa shati moja, akasema hii ni janja ya kuwauzia mitumba. Yule mrefu mwenye pengo akaligeuza la kwanza ndani nje, akatafuta kwenye kola, akaniuliza, "Dada, nyekundu yangu iko wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia nimeitoa mimi. "Ilikukosea nini?" Watu wakaanza kucheka, si kwa ubaya.

Unajua yapi yalitoka kwanza? Nilikuwa nimeyaficha chini kabisa ya rafu mashati yaliyonishinda. Moja lina wino mfukoni, haukutoka kwa sabuni wala kwa limau. Jingine nililiunguza mimi begani, alama ndogo ya pasi. Jingine shingo yake imegoma kuwa nyeupe. Mama Pacha ndiye aliyeyavuta akayatundika mbele za watu, nikafunika uso. Hayo yalipata wenyewe papo hapo. Mwenye wino alilikumbatia, akasema alidhani amelipoteza. Mwenye shingo alisema, "Hilo ni langu, hilo linanijua." Yale yaliyonyooka kabisa ndiyo yaliyobishaniwa mpaka jioni. Wawili waligombea moja, likawabana wote, wakaliacha.

Ndiyo, Mama Pacha amerudi. Nilimwambia kama ulivyosema, akaniacha nisimame mlangoni kwake mpaka alipomaliza kukoroga sufuria. Alipoyaona mashati akatikisa kichwa. "Umeyafanya yote mapacha," akasema, "na mimi mwenyewe mama yao siwajui."

Sitakudanganya kwamba yameisha vizuri. Hoteli imehamia kwa dobi mwingine, msimamizi alisema hana muda wa maigizo. Baadhi ya wahudumu wanaleta nguo zao wenyewe, mmoja mmoja, na tunaweka uzi pale pale wanapoondoka, rangi yoyote iliyopo. Wa kwanza niliouweka ulikwenda upande. Nikauacha. Kisha Jumapili nikaufuata tena na mkasi, lakini Mama Pacha alikuwa ameificha nguo yenyewe, nami nikakaa nimeshika tama mbele ya rafu. Nguo ya Jumatatu ilitoka Jumatano lakini.

Sasa zamu yangu. Barua zako na mimi nazisoma mara ya pili. Mwezi Februari uliandika, "Narudi mguu ukipona." Tangu hapo neno narudi hujaliandika tena. Mguu unasema haukusumbui. Mtu ambaye mguu haumsumbui angeshapanda basi aje anichape. Na kaka hawezi kukitafutia kinyozi chumba cha mama yake kama anajua mama yake anarudi. Nilipokuuliza kuhusu futi ulinijibu kwa maneno mawili na kuniambia wote wazima. Mimi nimekufungulia mlango. Unaficha nini?

Rula

4 Agosti

Mwanangu Rula,

Umengoja sana jibu. Niliandika, nikachana. Niliandika tena, wifi yako akaikuta kapuni, akanisomea mimi mwenyewe kwa sauti, akaniuliza kama sioni aibu. Nimeona.

Mguu ulikatwa, mwanangu. Ulikatwa mwezi wa Machi, muda mfupi baada ya ile barua nilimokuuliza kuhusu mwanamume. Kidonda kilikataa subira. Nilipokuandikia kwamba haunisumbui tena ulikuwa haupo. Niliapisha nyumba nzima, hata watoto, asiwepo wa kukwambia.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilisema nitatengenezewa mguu wa bandia mzuri, nivae gauni refu, nishuke kwenye basi, nitembee kutoka kona mpaka dukani nimenyooka, na fundi viatu aape kwamba hajui ni upi. Hapo ndipo ningekwambia. Wamenitengenezea. Nikasema unachechemea, nikaurudisha. Wakaurekebisha, nikasema bado, nikaurudisha tena. Mara ya mwisho fundi wa hospitali akaniambia, "Mama, yote huchechemea." Nikamwona mjeuri. Tangu hapo uko nyuma ya mlango umefunikwa shuka, nami nimekaa kitini nakutazama wewe kwa macho ya fundi viatu na kukufundisha kuacha uzi uende upande.

Nilimwambia kaka yako bora nisirudi kabisa kuliko kurudi nikiyumba mbele ya watu waliozoea kuniona nimebeba mabeseni mawili. Ndipo akamtafuta kinyozi. Usimchukie, alifanya nilichosema.

Kinyozi anataka jibu mwezi huu. Sijui nimwambie nini. Niambie wewe.

Shangazi yako

13 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama mezani, na Mama Pacha ndiye aliyeninyang'anya pasi mkononi kabla sijaunguza gauni la mtu. Tumelia sote wawili. Mteja aliingia, akatukuta, akaacha nguo zake kimya akatoka, na ilibidi nimkimbize barabarani nimuulize rangi ya uzi.

Nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa sababu ulilala hospitali, ukakatwa, ukazinduka, na mimi huku nilikuwa nakuandikia habari za mstari wa mkono wa shati. Ningekuja. Ningekaa chini ya kitanda. Hasira hiyo naiweka, tutagombana ukifika, ana kwa ana, na sitasema naam, shangazi.

Mwambie kinyozi atafute kwingine. Hoteli haipo, kwa hiyo tutabana, lakini nimepiga hesabu na Mama Pacha na chumba kinaweza kujilipia kama hatufungi mlango. Nahitaji mtu wa kukaa kwenye meza ya kupokelea, maana mimi nikipokea nguo naanza kumuuliza mwenyewe kwa nini ameichakaza, na Mama Pacha haulizi kitu, anawatazama tu mpaka wanaogopa. Rafu ya kila siku nimeishusha ifikiwe na mtu aliyekaa. Sindano ziko upande wa mkono wako, nyuzi zimo kwenye bakuli, zimechanganyika. Nimeshindwa kuzipanga, au tuseme nimejizuia.

Ile ngazi ya mlangoni nimeifikiria pia. Nilimwita seremala atengeneze mteremko wa mbao. Ameutengeneza na umeinama upande mmoja, na ubao wa mwisho umezidi wenzake. Nilimtumia neno arudi. Aliporudi, nikampa chai, nikamwambia nilitaka tu kumshukuru. Aliniangalia kwa mashaka, akaenda. Nimepita juu yake na beseni la nguo zilizolowa. Nimempitisha Mama Pacha, na unaujua uzito wake. Unabeba.

Panda basi la Ijumaa, uje na huo mguu unaochechemea na fimbo zako na chochote kingine. Nitakuwa kituoni. Kutoka pale mpaka kwetu watu watakutazama, sitakudanganya, na wengine watasimama kabisa. Tutapita katikati yao polepole.

Fundi viatu nimeshamwambia. Akakiweka chini kiatu alichokuwa akikishona, kisha akasema atakutengenezea kiatu laini cha mguu uliobaki, kiwe tayari siku unayofika. Akaniuliza ni wa kulia au wa kushoto. Nikafungua mdomo kumjibu, Shangazi, nikakuta sijui. Barua zote hizo na hukuniambia ni upi.

Niandikie leo leo. Ni upi?

Rula